Jinsi ya Kutafuta Kodi za Wimbo kwa Sikio na Kuzipiga katika Ufunguo Wowote

Mpiga gitaa anayejitafutia riziki Arusha au Moshi haulizwi kama anaujua wimbo fulani katika ufunguo wa G, yaani ukiwa umejengwa juu ya sauti ya G. Anaulizwa kama anaujua wimbo, basi. Mwishoni mwa juma moja la Desemba anaweza kujikuta kwenye sherehe ya kipaimara huko Kiboriloni, ambako shangazi wa mtoto anashika kipaza sauti na kuanzisha pambio pale koo lake lilipomtuma, na jioni yake akawa hotelini nje kidogo ya Arusha, ambako wageni waliotoka Serengeti wanataka wimbo wa Bob Marley, kisha wa Ed Sheeran, kisha ule wa "Hakuna matata" waliousikia kwa wapagazi wa mlimani. Mtu aliyekariri herufi za kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kutoka kwenye simu yake atapita katika nyimbo mbili tatu, halafu atakwama. Aliyezoea kuusikia wimbo kama mpangilio wa namba atapita katika zote, kwa sababu nyimbo nyingi zinazopendwa, za kwetu na za ng'ambo, hurudia mipangilio michache ileile.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu ambaye tayari anaweza kubadilisha kodi za C, F, G, Am, Em na D bila kusimamisha mkono, lakini bado anategemea karatasi. Mpiga kinanda naye anaweza kuufuata, ila ataruka maelezo ya freti na ya kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa ili nyuzi zote zipande sauti.

Namba kabla ya herufi

Aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa, na mkoani Kilimanjaro watu hao si wachache, ana nusu ya elimu hii tayari, kwa kuwa walimu wengi wa kwaya hufundisha sauti kwa do, re, mi, fa, so, la, ti. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba do haikai mahali pamoja: mwalimu akiona sopano zinapiga kelele, anaishusha do na wimbo wote unashuka nayo, na hakuna mwanakwaya anayelazimika kujifunza upya. Kinachotakiwa ni kuhamishia tabia hiyo kwenye gitaa. Ipe do namba 1, re namba 2, na kuendelea hadi ti, ambayo ni namba 7.

Kwenye uzi mmoja wa gitaa, kutoka do hadi re ni freti mbili, re hadi mi mbili, mi hadi fa moja, fa hadi so mbili, so hadi la mbili, la hadi ti mbili, na ti hadi do ya juu moja. Chukua uzi wa sita, anza popote, panda kwa hesabu hiyo huku ukiimba majina ya sauti, kisha anza mahali pengine na ufanye vilevile. Zoezi hili linachosha, lakini anayeliruka hulazimika kulirudia baadaye akiwa tayari amezoea mambo mabaya.

Juu ya kila sauti hujengwa kodi. Kodi ya 1, ya 4 na ya 5 huwa ni meja. Ya 2, ya 3 na ya 6 huwa ni maina, ambayo huandikwa kwa m ndogo mwishoni. Ya 7 hutumika kwa nadra sana katika nyimbo tunazozizungumzia, kwa hiyo iache kwanza. Katika ufunguo wa C hizo zitakuwa C, Dm, Em, F, G na Am. Katika G zitakuwa G, Am, Bm, C, D na Em. Katika D zitakuwa D, Em, F#m, G, A na Bm, na katika A zitakuwa A, Bm, C#m, D, E na F#m. Funguo hizi nne zinatosha kwa kuanzia, na E itakuja yenyewe. Zikariri kwa namba mpaka mtu akikuuliza "sita ya D" ujibu Bm bila kuhesabu vidole.

Kuipata do

Kabla ya kugusa kodi yoyote, tafuta mahali wimbo unapopumzika. Sikiliza kiitikio hadi mwisho, zima sauti, kisha imba kwa mdomo uliofumbwa ile sauti ambayo masikio yanakuambia kwamba hapa ndipo nyumbani, wimbo ungeweza kuishia hapa na hakuna ambaye angelalamika. Usikimbilie sauti ya kwanza ya wimbo, kwa kuwa nyimbo nyingi huanzia kwenye so au mi. Ukiwa bado unaivumisha sauti hiyo, itafute kwenye uzi wa sita kwa kupanda freti moja moja. Ikiangukia freti ya tatu, do yako ni G. Ikiangukia freti ya tano, ni A. Hakikisha kwa kupiga kodi ya meja ya sauti hiyo juu ya mwisho wa kiitikio. Ikigoma, jaribu maina, kwa sababu huenda wimbo huo makazi yake ni kwenye la, jambo ambalo nitalieleza mbele.

Kuna tatizo moja linalowapata hasa wapenzi wa zilipendwa. Nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwenye utepe, zikanakiliwa kutoka kaseti hadi kaseti, na mashine hazikuzunguka kwa kasi moja. Matokeo yake ni kwamba wimbo unaoupata leo mtandaoni unaweza kulia katikati ya G na G#, na mwanafunzi akadhani masikio yake ndiyo mabovu. Katika hali hiyo usibishane na kinasa sauti. Tyuni gitaa lako kufuata wimbo, fanya kazi yako, kisha lirudishe kwenye A ya mizunguko 440 kwa sekunde utakapocheza na wenzako. Na kwa kuwa tumetaja kutyuni: anayesafiri na gitaa kutoka baridi ya Arusha hadi joto la Moshi alikague tena akifika, hata kama lilikuwa sawasawa alipoondoka.

Fuata besi

Kosa la wanafunzi wengi ni kusikiliza gitaa wakati wanatafuta kodi za gitaa. Gitaa katika wimbo uliorekodiwa lina madoido mengi, na katika muziki wa dansi huwa kuna magitaa mawili au matatu yanayosemezana, kila moja likipiga sauti zake. Besi ndiyo inayosema ukweli, kwa kuwa mara nyingi kila kodi inapoingia, pigo la kwanza la besi huwa ni sauti iliyobeba jina la kodi hiyo.

Hapo simu pekee haitakusaidia. Uzi mzito wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mizunguko kama 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kuitoa sauti nzito ya kiwango hicho. Unachosikia ni mabaki yake ya juu tu. Tumia spika za masikioni au spika kubwa. Punguza kasi ya wimbo hadi robo tatu au nusu, jambo ambalo YouTube na programu nyingi za kuchezea muziki huliruhusu bila kubadilisha ufunguo. Kisha imba besi. Usiipige kwanza, iimbe, kwa sababu sauti ambayo koo halijaishika, vidole vitaitafuta kwa kubahatisha.

Ukiisha kuwa na sauti za besi, zigeuze ziwe namba kwa kulinganisha na do, kisha jaribu kodi zake. Pale ambapo besi haieleweki, muulize mwimbaji. Kodi ya 1 ina do, mi na so ndani yake. Ya 4 ina fa, la na do. Ya 5 ina so, ti na re. Ya 6 ina la, do na mi. Ya 2 ina re, fa na la. Tazama silabi inayoangukia pigo la kwanza la kipimo, yaani la kila fungu la mapigo. Ikiwa mwimbaji ameshikilia re kwa muda mrefu, kodi ya 1 haiwezi kukaa chini yake kwa raha, bali 5 au 2. Ikiwa ameshikilia do, una mambo matatu ya kuchagua: 1, 4 au 6. Kodi ya 1 na ya 6 zinachangia sauti mbili kati ya tatu, ndiyo maana huchanganywa sana, na vivyo hivyo 4 na 2. Kwa jozi hizo sikio la mwanafunzi hudanganyika hata baada ya miezi, na mwamuzi hubaki kuwa besi.

Moja, nne, tano

Anza na nyimbo za kodi tatu, na usizidharau. "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi Kenya na Miriam Makeba akaupeleka duniani, unapigika wote kwa 1, 4 na 5. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982 na ambao wapagazi wa Kilimanjaro wameugeuza maneno uwe wimbo wa mlima, unatosheka na hizohizo. "Three Little Birds" wa Bob Marley, wa mwaka 1977, ni A, D na E, yaani 1, 4, 5 za ufunguo wa A. Tenzi nyingi na mapambio mengi yanayoimbwa katika makanisa ya kaskazini yamo katika kundi hili pia.

Kazi kubwa hapa ni kutofautisha 4 na 5 kabla hujazipiga. Kodi ya 4 husikika kama wimbo umetoka nje kidogo, umefunguka, lakini hauna haraka. Kodi ya 5 ina ti ndani yake, na ti iko freti moja tu chini ya do, kwa hiyo inavuta; mtu akiisimamisha hapo, hata asiyejua muziki atasubiri kitu. Ukiiongezea fa ikawa ya saba, kwa mfano G7 badala ya G, mvuto unazidi. Jizoeze kwa kupiga kodi ya 1 kwa vipimo viwili, kisha mwenzako apige 4 au 5 bila kukuonyesha mkono wake, nawe utaje namba. Zoezi hili la watu wawili linafundisha haraka kuliko programu zote nilizowahi kuona.

Muziki wa dansi nao umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kodi hizi tatu, na kaskazini tuna sehemu yetu katika historia hiyo. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, waliopitia Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz kabla ya kwenda Nairobi mwaka uliofuata na kujulikana kama Simba Wanyika. Anayetaka kujua utamu unavyoweza kutoka kwenye kodi chache awasikilize hao kwa makini, asikilize hasa jinsi gitaa la solo, la rithimu na la besi yanavyogawana kazi bila kukanyagana.

Wimbo wa dansi unapofika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezwa kwa kasi, mzunguko wa kawaida ni 1, 4, 5, 4, au 1, 4, 1, 5, ukirudiwa mpaka wachezaji wachoke. Hapa kodi pana za chini ya shingo ya gitaa hazifai, maana zinafunika kila kitu. Panda juu na utumie nyuzi tatu nyembamba tu. Katika ufunguo wa C, nikitaja freti kuanzia uzi wa tatu, wa pili, hadi wa kwanza, kodi ya C ni 9, 8, 8. Ya F ni 10, 10, 8. Na ya G ni 7, 8, 7. Angalia mkono: kodi zote tatu zimekaa kati ya freti ya saba na ya kumi, kidole cha shahada hakitoki eneo la freti ya saba na ya nane, na vingine vinasogea hatua ndogo tu. Usizipige kwa pamoja kama mtu anayefagia. Zidonoe, uzi mmoja mmoja, sauti ya juu ikifuatwa na ya kati na ya chini, huku mkono wa kulia ukitembea sawa na hai-hati, yale matasa mawili ya ngoma yanayogongana. Baada ya hapo ukipandisha freti zote mbili mbili, uko D, na mwimbaji hatajua kwamba ulihangaika.

Inapoingia namba sita

Ongeza kodi ya 6 na utafungua mlango wa nyimbo nyingi za mapenzi za duniani. Mpangilio wa zamani zaidi katika kundi hili ni 1, 6, 4, 5. Mfano wake safi ni "Stand By Me" wa Ben E. King, wa mwaka 1961, katika ufunguo wa A. Mzunguko wake una vipimo vinane: A kwa vipimo viwili, F#m kwa viwili, D kimoja, E kimoja, kisha A tena kwa viwili. Wimbo wote umekaa juu ya mzunguko huo, na besi inauimba waziwazi tangu mwanzo, kiasi kwamba ningependekeza uwe wimbo wa kwanza wa yeyote anayejifunza kusikiliza besi. Ed Sheeran alipotoa "Perfect" mwaka 2017 alianza na mpangilio uleule: mkono unapiga G, Em, C, D huku kapo ikiwa kwenye freti ya kwanza, na sauti inayotoka ni ya Ab, yaani A iliyoshushwa freti moja. Wimbo huu huombwa sana harusini, na wapigaji wengi huuharibu kwa kuupiga kwa mapigo manne makavu, wakati kila pigo lake hugawanyika mara tatu.

Mpangilio wa pili, ambao umetawala zaidi, ni 1, 5, 6, 4. "Let It Be" ya The Beatles, ya mwaka 1970, ni C, G, Am, F, kisha mstari wa pili ni C, G, F, C. "With or Without You" ya U2, ya mwaka 1987, ni D, A, Bm, G tangu mwanzo hadi mwisho. Na "No Woman, No Cry" ya Bob Marley, iliyotoka katika albamu ya mwaka 1974 lakini ikajulikana zaidi kwa rekodi ya onyesho la London la mwaka 1975, imo humuhumu, na inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndio wimbo ambao hautakosa kuombwa kila mahali penye wageni na gitaa.

Ukiutafuta wimbo huo kwa besi, utasikia do, ti, la, fa, yaani C, B, A, F. Mwanafunzi akifika kwenye ti hushtuka, kwa sababu nilisema kodi ya 7 haitumiki sana. Kumbe kodi pale ni ya 5, G, ila besi haikupiga so. Imepiga ti, ambayo nayo ni sauti ya ndani ya kodi hiyo. Waandishi wa kodi huiandika G/B. Sababu ya kufanya hivyo utaisikia ukijaribu njia zote mbili: besi ikiruka kutoka C hadi G na kurudi A, wimbo unapiga hatua kubwa, ikishuka C, B, A, unateremka ngazi kwa utulivu. Kwenye gitaa bonyeza freti ya pili ya uzi wa tano, acha uzi wa nne, wa tatu na wa pili wazi, na usiguse uzi wa sita. Nusu ya pili ya mzunguko ni C, F, C, G, yaani 1, 4, 1, 5. Ukutanapo na besi isiyoelewana na kodi zako, jiulize kwanza kama haijapiga sauti ya kati ya kodi ileile, kabla hujaanza kutafuta kodi ngeni.

Mpangilio huohuo ukianzia kwenye 6 unakuwa 6, 4, 1, 5, na sura ya wimbo inageuka kuwa ya huzuni au ya kiu. "Despacito", ya mwaka 2017, ni Bm, G, D, A mwanzo hadi mwisho. Kodi ni zilezile za U2, zimepangwa vingine tu. Kwa hiyo ukishindwa kujua kama wimbo uko kwenye D au kwenye Bm, usipoteze usiku. Namba ni zilezile, na mkono wako haujali.

Nyimbo zinazokaa kwenye la

Kuna nyimbo ambazo kweli nyumbani kwake ni 6, na hata zikizungukazunguka hurudi kupumzika hapo. "Jolene" ya Dolly Parton, ya mwaka 1973, ni mfano mwepesi: ukiweka kapo kwenye freti ya nne unapiga Am, C, G, Am, ambazo ni 6, 1, 5, 6. Wapenzi wa muziki wa kantri, na hapa kwetu wako wa kutosha, wataitambua kwenye udonoaji wa mwanzo kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Katika nyimbo za maina utakutana na kodi moja inayovunja sheria niliyotoa. Kodi ya 3, ambayo ilipaswa kuwa maina, hugeuzwa kuwa meja ili ivute kurudi kwenye 6 kwa nguvu. Katika wimbo wa Am, ambao namba zake ni za ufunguo wa C, Em inakuwa E, na sauti ya G ndani yake inapanda freti moja kuwa G#. Ray Charles katika "Hit the Road Jack" ya mwaka 1961 anashuka kwa mpangilio ambao, ukiupiga kwa Am, ni Am, G, F, E, na ile E ya mwisho ndiyo inayokurudisha Am kila mara. Ukisikia sauti ngeni isiyokaa katika do, re, mi ya wimbo, sehemu ya kwanza ya kuitafuta ni hapo. Taarabu ina njia zake zenye asili ya Kiarabu, na namba hizi hazitakufikisha mbali ndani yake.

Bongo Fleva na hip hop

Arusha inajulikana zaidi kwa hip hop kuliko kwa magitaa, kuanzia X Plastaz hadi Nako 2 Nako na Joh Makini, na kijana wa Ngarenaro au Sakina anayenunua gitaa leo ana uwezekano mkubwa wa kutaka kupiga nyimbo za aina hiyo. Kwa upande wa kodi, kazi ni nyepesi: biti huwa na kipande kifupi kinachojirudia, mara nyingi cha kodi mbili hadi nne, na aghalabu kodi za ubeti ndizo za kiitikio. Kinachobadilika ni vyombo kuingia na kutoka. Ugumu uko kwenye besi, kwa kuwa besi ya kompyuta huteleza na kuungana na teke la ngoma. Hapo sikiliza kinanda au sauti za waitikiaji badala yake. Na ukishazipata kodi, usizikwangue zote chini ya mtu anayechana, maana maneno yatapotea. Piga sauti ya besi na sauti mbili za juu, kisha nyamaza mpaka kipimo kinachofuata.

Kuuhamisha wimbo kufuata koo

Mpaka hapa faida ya namba inaonekana. Mwimbaji akisema "Stand By Me" katika A ni juu mno kwake, 1, 6, 4, 5 katika G ni G, Em, C, D, na hakuna karatasi inayohitajika. Kwa funguo ambazo mkono hauzipendi, tumia kapo. Ikikosekana, penseli fupi iliyofungwa kwa mpira juu ya nyuzi itakuvusha jioni moja, ingawa nyuzi za pembeni zitavuma kidogo.

Kwa anayepiga katika makanisa na sherehe za huku, kuna mahali pamoja pa kapo panapofaa kujulikana kuliko pengine pote, napo ni freti ya tatu. Vikundi vya tarumbeta hupendelea Bb, Eb na F, funguo ambazo ni adha kwa gitaa la nyuzi wazi. Kapo ikiwa freti ya tatu, mkono ukipiga G inalia Bb, ukipiga C inalia Eb, na ukipiga D inalia F. Wenye tarumbeta hawatabadilisha ufunguo kwa ajili yako, na wala hawana sababu ya kufanya hivyo.

Nyimbo nyingine huhama zenyewe katikati. "The Gambler" ya Kenny Rogers hupanda nusu toni baada ya kuanza, na kapo haihamishiki haraka kiasi hicho. Wimbo wa namna hiyo ama uupige kwa kodi za kubana nyuzi zote kwa kidole cha shahada, ambazo zinapanda freti moja na kazi imekwisha, ama ukubaliane na mwimbaji kwamba hamtapanda. Njia ya pili haina aibu yoyote.

Daftari

Tovuti za kodi zitumie kama karatasi ya majibu, baada ya kujaribu mwenyewe. Zinaandikwa na yeyote mwenye kutaka, wimbo mmoja hupatikana katika funguo tatu tofauti, na kodi za 1 na 6 huchanganywa mno. Mkipingana, irudie besi. Ikikubaliana nawe, achana na tovuti.

Kila wimbo ulioupata uandike kwa namba, mstari mmoja kwa kila sehemu, na chora kijistari baada ya kila kipimo. "Stand By Me" itakuwa: 1 | 1 | 6 | 6 | 4 | 5 | 1 | 1. Kipimo chenye kodi mbili kiandike kwa namba mbili zilizoshikana, na besi isiyo ya kawaida iweke chini ya mkwaju, kama 5/7 kwa ile G/B ya Marley. Juu ya ukurasa andika ufunguo wa rekodi, na kando yake, kwa penseli, ufunguo wa kila mwimbaji unayefanya naye kazi, kwa sababu huo hubadilika: aliyeimba kwa G mwaka jana anaweza kuja na F, na asubuhi ya ibada ya kwanza huwa chini zaidi ya jioni. Nyimbo zenye mpangilio mmoja ziweke kurasa zinazofuatana. Baada ya nyimbo ishirini au thelathini utaona kurasa nyingi zinafanana kiasi kwamba kinachobaki kukariri ni mwanzo wa wimbo, mahali unapogeuka, na namna unavyoishia.